Raba Laini Haijui Kona

Raba laini haijui kona. Ukimuuliza Mama Gaudensia, jirani wa kambi ya wakimbiaji ya Endahari huku Mbulu, maneno haya yametoka wapi, atakwambia yametoka kwenye uchawi. Atakwambia palikuwa na binti mmoja, Restituta, mbio zake kama upepo wa mwezi wa saba, na mwenzake waliyelala naye chumba kimoja akamwonea wivu, akamtilia dawa ndani ya raba zake mpya. Siku ya mchujo, anasema Mama Gaudensia, binti alipofika kona ya mwisho raba zikamkataa, zikambwaga chini puu, na hakuinuka mpaka alipobebwa na wanaume wanne. Anasimulia huku ameshika kifua, na kila mwaka wanaume wanaongezeka.

Vijana wa kambi waliamini hivyo hivyo, mpaka siku moja walipokuwa wakichambua maharage ya ngwara pamoja na mpishi wao mzee, Bibi Natalia. Binti mmoja, Evelina, alikuwa akimsifia wakala fulani wa wakimbiaji aliyekuja kambini na maneno ya asali. Mtu mpole, alisema, hajawahi kumkatalia mtu kitu. Bibi Natalia akapuliza makapi kwenye ungo, akasema tu:

"Raba laini haijui kona, mjukuu wangu."

Evelina akanuna. "Bibi, na wewe unaingiza habari za uchawi?"

"Uchawi gani? Yule Gaudensia siku ile alikuwa anachoma mahindi nyuma ya ua wa shule, moshi umemjaa machoni. Mimi nilikuwa uwanjani, kwenye kona yenyewe, nimeshika ndoo ya maji ya wakimbiaji. Sogeeni. Maneno haya yalizaliwa hivi."

Restituta Sulle alikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake kuhesabiwa kijana. Mara mbili alikwisha kujaribu kuingia timu ya vijana ya mkoa, na mara zote mbili alikuwa wa tatu. Timu ilichukua wawili. Akikosa tena, mwakani angepangwa na wanawake wakubwa wenye mapafu ya punda, na hapo nani angemtupia jicho? Basi tangu mchujo ulipotangazwa, roho yake haikukaa mahali pake. Anaanza kula, anainuka. Anajilaza, anageuka. Anafunga kamba za raba, anazifungua, anazifunga tena, kama mtu anayesikia anaitwa na haoni anayemwita.

Raba zenyewe zilikuwa za zamani, soli nyembamba kama chapati ya mwisho wa unga, pembeni zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Akizivaa alisikia kila kokoto. Restituta aliwaza, akawaza, mwishowe akaona amempata mchawi wake. Si miguu iliyomfanya awe wa tatu. Ni hizi raba.

Pale kambini mazoezi yalikuwa ya namna mbili, na Kocha Lohay hakuchoka kuyaeleza. "Tempo ni ndoa," alikuwa akisema juu ya baiskeli yake. "Mnashikana mwendo mmoja, mnavumiliana mpaka mwisho wa njia. Kasi ni ugomvi. Unaingia, unapiga, unatoka." Tempo waliifanya kwenye barabara ya mgongo wa kilima, barabara ndefu iliyonyooka kama imepigwa kamba. Kasi waliifanya kwenye uwanja wa shule ya msingi, raundi fupi fupi za kuchomoka, kupumzika kidogo, kisha kuchomoka tena. Uwanja ule ulibanwa kati ya bustani ya shule na mtaro wa maji, kwa hiyo kona zake zilikuwa kali, na ardhi ilikuwa changarawe juu ya udongo mgumu.

Ikafika siku ya mnada. Restituta akabeba debe la ngwara alilopewa na mama yake, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Akonaay, muuza raba za mtumba. Sasa, wauza raba wa mnada ule walikuwa na desturi yao, na mpaka leo wanayo. Mbele ya meza wanatandika gunia. Mteja anavua viatu vyake, anapangusa miguu, anapanda juu ya gunia ndipo anavaa raba. Juu ya gunia ruksa kusimama, ruksa kurukaruka, ruksa hata kucheza ngoma ukitaka. Lakini mguu usishuke.

"Ikionja udongo ni yako," Mzee Akonaay aliwaambia watu, "hata ikikuua."

Siku hiyo juu ya meza palikuwa na raba moja iliyowafanya watu wapite, warudi, wapite tena. Nyeupe, na soli yake nene, laini, imenyanyuka mpaka kisigino kimekaa juu kama bibi harusi kwenye kiti. Restituta akapanda gunia. Akaivaa. Akajinyanyua kwa vidole, akajishusha. Akaruka. Soli ikamrudisha juu yenyewe, kana kwamba ardhi imemwambia nenda.

"Mzee, hii raba inahema!"

"Hiyo ni ya barabara, mwanangu," Mzee Akonaay akasema. "Wenyewe wanaikimbilia lami, safari ndefu."

"Barabara na uwanja si ardhi hiyo hiyo?"

"Mimi nauza raba, mama, siuzi ardhi. Unachukua?"

Akaruka mara nyingine. Gunia halina pa kugeukia, ni kupanda na kushuka tu, na kwa kupanda na kushuka raba ile ilikuwa haina mpinzani. Akamwachia debe lote, akaenda zake na raba kifuani, akitembea nusu na kukimbia nusu.

Kesho yake asubuhi ilikuwa tempo. Walitoka ukungu ukiwa bado umelalia mashamba, Kocha Lohay nyuma yao na baiskeli inayolia. Restituta alishika mwendo kama hajaushika. Kile kilima kidogo cha katikati ya njia, ambacho kila siku kilimtafuna mapaja, alikipita anaongea. Veneranda, yule waliyelala naye chumba kimoja, ambaye siku zote alikuwa mbele yake kwenye tempo, siku hiyo aliona mgongo wake mpaka mwisho.

"Leo umeolewa," Kocha akamwambia, naye akihema kuliko wao. "Mwendo wako umetulia."

Neno lile, kutulia, Restituta alilila pamoja na uji. Lakini halikukaa tumboni. Jioni akaanza tena: na uwanjani je? Akajipoza kwamba siku ya mazoezi ya kasi ataona.

Siku ya mazoezi ya kasi mvua ikanyesha tangu usiku. Uwanja ukawa bwawa la bata. Kocha Lohay akautazama, akakuna kichwa, akawahamishia barabarani. Wakachomoka kwenda, wakachomoka kurudi, yote kwa njia iliyonyooka, na Restituta na raba zake nyeupe akawaacha wenzake kila mara. Watu wakaanza kusema waziwazi: nafasi moja ya timu imeshapata mwenyewe, sasa tugombanie ile nyingine. Baada ya hapo Kocha akafunga mazoezi. Siku zilizobaki kabla ya mchujo zilikuwa za kunyoosha viungo na kulala, na aliyeonekana anakimbia angejibu kwake.

Kupumzika kule ndiko kulikomtesa. Siku ya kuamkia mchujo, jua bado liko juu, Restituta alitoka chumbani amevaa raba mbili tofauti. Mguu wa kulia ile nyeupe, mguu wa kushoto ile kuukuu. Akaanza kuzunguka ua wa kambi, mmoja juu, mmoja chini, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Alitaka miguu yenyewe imwambie. Mguu mmoja ulisema twende, mwingine ukasema ngoja.

Veneranda alikuwa kwenye karai anafua soksi. Akamtazama mara ya kwanza, akamtazama mara ya pili, akashindwa kujizuia.

"Dada Resti, kesho unakimbia na miguu ya watu wawili?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza ili nijue nishindane na yupi, maana huyu wa kulia ananitisha, huyu wa kushoto namjua." Kisha akaacha kufua. "Lakini kweli, hizo nyeupe umeshazikimbilia kona?"

"Kona kitu gani? Kona ni njia kama njia nyingine."

"Si kama njia nyingine. Kwenye kona mwili unalala ndani, na mguu lazima ushike chini. Hiyo soli yako nene mno. Twende uwanjani sasa hivi, umekauka. Kona moja tu, kabla Kocha hajarudi kutoka kisimani. Mimi nitakuangalia kifundo."

Restituta akasimama. Neno lilimwingia, tena lilimwingia pale pale palipokuwa panamuwasha. Lakini nyuma ya neno hilo likaja lingine. Huyu Veneranda anataka nini? Siku ya tempo aliona mgongo wangu. Kesho tunagombea mlango mmoja. Adui akikuonyesha shimo, huenda shimo liko kwingine. Na Kocha akinikuta uwanjani nitafutwa, na Veneranda atakuwa amesimama pembeni mikono mitupu, hajakimbia hata hatua.

"Asante, dada," akasema. "Wewe fua soksi zako."

"Haya. Mimi nimesema."

"Nimesikia."

Veneranda akarudi kwenye karai. Restituta akaivua ile kuukuu, akaitupa chini ya kitanda, na hapo akadhani amepata amani. Hakuipata. Usingizi wake ulikuwa wa kuvizia vizia, na alfajiri alikuwa amekaa kitandani tayari amevaa zile nyeupe, kamba amezifunga mpaka vidole vimekufa ganzi.

Uwanjani watu walikuwa wengi. Mchaguzi kutoka mkoani, Mzee Qwaray, aliketi kwenye dawati la shule, kofia usoni, mkoba kati ya miguu. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anatazama wakimbiaji miguu badala ya nyuso, kama mtu anayenunua ng'ombe.

Filimbi ikalia. Kwenye njia iliyonyooka Restituta alitoka kama jiwe la kombeo. Watu wakapiga kelele, wengine wakataja jina lake. Akaifikia kona ya kwanza akiwa mbele peke yake, akaegemeza mwili ndani kama alivyozoea, na pale raba ikamgeuka. Haikuteleza. Ililalia upande. Soli nene ilibonyea upande mmoja, kifundo kikayumba juu yake kama mzigo usiofungwa vizuri juu ya punda, na mguu ukaogopa. Mguu ukiogopa, mwili wote unauliza. Akapunguza. Akapanua kona, akazunguka kwa nje kama lori lenye shehena, na kwa ndani, pale alipopaacha wazi, Veneranda akapita na raba zake bapa zinazokwaruza changarawe.

Njia ikanyooka, Restituta akampita tena. Kona ikaja, akapitwa tena. Raundi baada ya raundi ikawa hivyo. Alichokusanya kwenye njia iliyonyooka alikimwaga kwenye kona. Mimi nilimwona usoni kila alipofika pale nilipokuwa na ndoo yangu. Mara ya kwanza alikuwa na hasira. Mara ya tatu ilikuwa ni hofu. Baadaye alianza kuiogopa kona kabla hajaifikia, akawa anapunguza angali kwenye njia nzuri, na hapo hata ile faida yake ikaondoka.

Raundi ya mwisho walikuwa watatu: Veneranda mbele, Restituta mgongoni kwake, na nyuma yao binti mmoja mfupi wa kambi nyingine, Pasilisa, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja siku hiyo. Kwenye kona ya mwisho Restituta alijikaza, akajaribu kukata kwa ndani kwa nguvu. Kifundo kikakataa. Akatoka nje hatua kadhaa, na Pasilisa akapenya kwa ndani kama paka anayepita mlangoni. Ilibaki njia fupi iliyonyooka. Restituta aliikimbia kama anafukuzwa, akawakaribia, nusura awafikie, na kamba ikakatwa.

Wa tatu.

Hakuanguka. Huo ndio uongo wa Gaudensia. Aliketi mwenyewe chini, katikati ya uwanja, akaanza kuzivua raba, na kwa mtu wa nyuma ya ua mtu aliyeketi na mtu aliyeanguka ni mamoja. Wala hakuna aliyembeba. Aliyemwendea alikuwa ni huyo huyo Veneranda, ambaye hata jasho hakulipangusa. Alichuchumaa, akakishika kifundo chake, akakizungusha taratibu.

"Kinauma?"

Restituta akatikisa kichwa. Alitaka kusema neno, na neno lilikuwa refu. Lililotoka ni, "Uliniambia."

"Nilikuambia vibaya. Nilianza kwa kukucheka."

Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona. Binti aliyewaacha wote barabarani, leo imekuwaje? Wengine wakamtazama Veneranda kwa jicho la pembeni, wakaangalia raba nyeupe, wakaangaliana. Maneno ya dawa yalikuwa njiani, karibu kabisa yatue. Ndipo Mzee Qwaray akasimama kwenye dawati lake, akaja polepole mpaka mbele yao, akaigusa ile raba kwa ncha ya fimbo.

"Wewe binti wa raba nene. Umeumia?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikanyaga kitu?"

"Hapana."

"Una nguvu kuliko hawa wawili, macho yangu si mabovu. Sasa mbona kila kona unawafungulia mlango? Umefanywa nini?"

Kila mtu alitaka kusikia jina. Restituta akamtazama Veneranda, ambaye alikuwa bado ameshika mguu wake, kisha akainua ile raba nyeupe, akaikunja kwa kidole gumba mpaka soli ikabonyea kama mkate.

"Sikufanywa kitu, mzee. Niliijaribu juu ya gunia, ikanipendeza. Niliijaribu barabarani, ikanibeba. Hapa sikuijaribu, na mwenzangu alinisihi nikakataa. Raba laini haijui kona."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akalirudia kwa mwenziwe aliyekuwa mbali, na kabla jua halijasogea neno lilikuwa limeshatoka nje ya uwanja. Jioni lilikuwa mnadani. Wauza raba walilichukia, wake wa watu wakalipenda. Ukimsifia shemeji anayechekacheka siku za karamu na haonekani siku za msiba, mtu anakujibu kwa hilo. Ukimkabidhi mwenyekiti mpole jambo zito kwa sababu tu hajawahi kugombana na mtu, unaambiwa hilo. Kwamba kitu kinachokubembeleza njia ikiwa imenyooka, bado hakijakwambia kitakavyofanya njia ikikata. Na si kwamba ni kibaya. Kwenye barabara yake raba ile ilikuwa malkia. Aliyekosea ni aliyeipeleka mahali asipoijua, naye anaharakisha.

Lakini wakati huo, pale uwanjani, Restituta hakuwa anatafuta methali. Alikuwa anatafuta nafasi yake, na aliona inaondoka. Mzee Qwaray alikwishageuka. Kocha Lohay alikuwa anawaita Veneranda na Pasilisa waje wasimame mbele ya watu. Restituta akainuka peku, akamfuata mzee mpaka kwenye dawati, changarawe ikimchoma na yeye haisikii.

"Mzee," akasema. "Zipo raba zangu za zamani, ziko chini ya kitanda, si mbali. Siombi unipe nafasi ya mtu. Veneranda ni wa kwanza, na Pasilisa alinipita kwa haki. Naomba utazame tu. Raundi moja, kona zake zote, mimi peke yangu. Kama nitafungua mlango hata mara moja, nitarudi nyumbani na sitakusumbua tena. Raba laini haijui kona, mzee, lakini mimi naijua. Nisubiri nikavae."

Mzee Qwaray aliitazama ile kona ya mwisho, pale alama za miguu zilipokuwa zimechimba changarawe, za Veneranda ndani, za Pasilisa ndani kabisa, na zake mwenyewe mbali nje, karibu na mtaro. Kisha akainama, akaanza kufunga mkoba wake; kwake mchujo ulikuwa umekwisha.